Peasi la Kuvundika na Peasi la Kutafuna

Ninyi vijana mnaouza matunda pale Tunduma mmezoea kunichokoza. Nikipita mnaniita, "Bibi Peasi, njoo ututazamie mzigo," mkijua kabisa kwamba siwezi kupita nikanyamaza. Juzi nimemkuta mmoja wenu akiyaminya mapeasi tumboni kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, kama daktari anayetafuta jipu. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, hayo utayala mwenyewe, maana kesho yatakuwa na weusi kila ulipogusa." Akacheka, na wenzake wakacheka. Basi nimeamua kuandika. Nikisema mnacheka na kusahau. Nikiandika mtacheka vilevile, lakini mtakuwa mmeshasoma.

Nimefanya kazi ya mapeasi tangu nilipoolewa mpaka magoti yaliponikatalia kupanda ngazi. Nimepogoa, nimebebesha, nimechuma, nimevundika, nimeuza. Sijaona mtu katika Mbozi hii anayeyajua kunizidi, isipokuwa watu wawili, na wote wawili wamo katika habari hii.

Kwanza mjue kwamba mapeasi tuliyonayo huku ni ya namna mbili, na anayeyachanganya ataumia. Kuna la Kizungu, lenye shingo nyembamba na tako nene, mfano wa kibuyu kidogo. Na kuna la Kichina, la mviringo, ngozi yake ya kahawia yenye vidoa, ambalo mgeni akiliona kwa mbali hudhani ni tufaha lililokaa juani.

La Kizungu huchumwa likiwa gumu, kisha likavundikwa ndani ya nyumba mpaka lilainike. Ukilihurumia ukaliacha liivie mtini, linaanza kuoza moyoni. Nje utaliona zuri la kupigia picha, ndani ni uji wa kahawia. La Kichina ni kinyume chake. Hilo liache mtini mpaka liive, na ukilichuma unalila gumu hivyo hivyo, likilia menoni. Ukilivundika linanywea tu, ngozi inakuwa kama ya kiatu cha zamani, na kulainika halilainiki.

Ni maneno mepesi, mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuyashika. Lakini sisi kutoyajua nusura kuvunje nyumba yetu.

Bustani yetu ilikuwa Ihanda. Ilipandwa na mlowezi mmoja Mzungu, zamani za mkoloni, na mtu aliyemchimbia mashimo na kumkatia matawi alikuwa Mzee Kibona, ambaye baadaye alikuja kuwa baba mkwe wangu. Uhuru ulipokuja, Mzungu alifunga mizigo yake akaenda zake, akaacha nyumba, miti, na Mzee Kibona. Vijiji vya Ujamaa vilipoanzishwa, bustani ikawa mali ya kijiji na mzee akawa msimamizi. Viongozi walibadilika, majina ya mashamba yalibadilika, yeye aliendelea kupogoa. Wakimwuliza miti ni ya nani siku hizi, alijibu kwamba ni ya yule anayeipogoa, na wakicheka alikuwa hacheki.

Mimi ni Mnyiha wa Hasamba. Kwetu heshima ya wakwe ipo, lakini nilipoolewa kwa Wandali nikakuta heshima yao imenizidi kimo. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hakutani naye njiani. Akimwona anakuja, anaingia kwenye mahindi mpaka apite. Hasemi naye, na kula mbele yake ndiyo usiseme kabisa. Hata mlio wa kutafuna kwako mkwe asiusikie, maana ni kama kumvulia nguo. Ukikosea, unatozwa kuku, na mkweo asipotakaswa kwa kuku huyo, nyumba nzima inakuwa na uzito.

Sasa fikirini. Kijiji kilinipanga kufanya kazi bustanini, na msimamizi wa bustani ni mtu ambaye siruhusiwi kumtazama wala kusema naye. Ningefundishwaje?

Mzee alipata njia. Alikuwa anaongea na miti. Mimi nipo chini ya mti huu nimempa mgongo, na yeye yuko upande wa pili wa ua wa matete, au nyuma ya mikahawa, basi atasema kwa sauti kubwa, "Wewe mti, mwambie mtu asikukate hapo. Akukate juu ya jicho la chipukizi, kwa mshazari, maji yasikae." Nami nakata juu ya jicho, kwa mshazari. Nikiwa na swali, naliuliza jembe langu. "Jembe, hivi tawi hili lililosimama wima tulifanyeje?" Halafu, upande wa pili, "Mti, mwambie mtu akuinamishe hilo tawi na kulifunga kamba. Tawi lililosimama linajiona, halizai." Wageni waliopita njiani walidhani bustani ile ina vichaa wawili.

Msimu wangu wa kwanza niliona mapeasi bado ni ya kijani, nikayaacha. Nilikuwa nangoja yageuke rangi, kama mtu yeyote mwenye akili timamu anavyongoja embe. Siku moja nikasikia mzee akiuuliza mti kwa uchungu mkubwa, "Mti, huyu mtu anangoja nini? Anangoja kukuzika?" Tukayapasua yale ya juu yaliyoonekana mazuri, na ndani yote yalikuwa yameshaharibika. Nililia siku hiyo. Mama mkwe alinipa kazi ya kupeleka maji, akaja karibu yangu akasema, "Mwanangu, huyo akikufokea kupitia mti ujue anakupenda. Asiyempenda humfokea moja kwa moja."

Kuanzia hapo mzee, kwa kupitia miti, alinifundisha dalili. Shika peasi la Kizungu likiwa mtini, linyanyue mpaka lilale usawa wa mkono wako. Likiachia kikonyo lenyewe, limekomaa, chuma. Likig'ang'ania, liache, siku yake bado. Halafu unayapanga kwenye kasha la mbao, chini makapi makavu ya ulezi, juu makapi, kila moja lisiguse jirani yake. Ukiwa na haraka unatia ndizi mbivu moja katikati. Na unapotaka kujua kama limeiva, unagusa shingoni, karibu na kikonyo, kwa upole. Shingo ikikubali, lile leo. Tumbo likikubali umeshachelewa. Nadhani sasa yule kijana wa kidole gumba amenielewa.

Kuvundika ndiyo ilikuwa sifa ya Mzee Kibona. Huku watu wote wanajua kuvundika ndizi, lakini peasi ni yeye tu. Walimpelekea mpaka maparachichi na matomoko. Aliamini kwamba kila tunda gumu duniani linangoja makapi ya ulezi na mtu mvumilivu, na kwa kuwa alikuwa hajawahi kushindwa, na sisi tuliamini hivyo.

Ndipo Wachina wakaja kujenga reli. Mume wangu, Lusekelo, mtoto wa pekee wa kiume wa Mzee Kibona, alipata kazi ya kusomba kokoto kwenye kambi moja upande wa Tunduma. Baba yake hakufurahi. Alikuwa amemwandalia kisu cha kubebeshea, cha kuunganishia kijiti cha mti mmoja juu ya mwingine, alitaka amrithishe bustani, na mtoto akaenda kubeba mawe. Lakini mkono wa miti Lusekelo alikuwa nao. Kambini alizoeana na mpishi wao, Mchina mmoja mwembamba aliyekuwa amepanda miche kwenye makopo nyuma ya jiko. Miche ya peasi la kwao. Hawakuwa na lugha ya kusemezana. Mpishi alijua "rafiki," "chumvi" na "pole pole," na Lusekelo alijua kuhesabu kwao mpaka tano. Lakini walielewana. Kambi ilipohamishwa kwenda mbele, mpishi akakata vikonyo, vijiti vya kubebeshea, kutoka kwenye miche yake, akavifunga kwa ukoka mbichi na kitambaa, akampa.

Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo anang'aa. Alinieleza jinsi mpishi alivyomwonyesha utamu wa tunda lenyewe. Alifumba macho, akafanya kama anang'ata kitu, akagonganisha meno yake, *kra, kra*, halafu akajipangusa kidevu. Lusekelo aliniigiza vile, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Sikuwaza zaidi. Nilidhani Mchina anasifu tu.

Kosa la Lusekelo, kama ni kosa, ni kwamba hakumwuliza baba yake. Baba alikuwa amekwenda Ileje msibani. Lusekelo akachukua msumeno, akakata vichwa vya miti ya Kizungu, mstari mzima wa pale mwisho, miti ambayo baba yake aliichimbia mashimo akiwa kijana, na akabebesha vikonyo vya Kichina. Kazi ilikuwa safi, hakuna kikonyo kilichokufa. Lakini mtu anaporudi kutoka msibani akakuta miti yake haina vichwa, usafi wa kazi hauoni.

Nilikuwa jikoni. Nilisikia sauti ya mzee, na kwa mara ya kwanza hakuongea na mti. Alimwambia mwanawe uso kwa uso. "Umeua miti yangu ili ubebeshe usichokijua. Siku miti hii itakapozaa kitu cha kuliwa na mtu, uje nyumbani. Kabla ya hapo nisikuone." Lusekelo aliingia jikoni. Alikuja akanishika mkono, akambeba mtoto wetu Sekela kwa muda, akamrudisha mgongoni kwangu. Akaifuata kazi ya reli, na reli ikavuka mpaka kuingia Zambia, na yeye akavuka nayo.

Mimi nikabaki na miti ile. Naomba mnielewe hapa. Kwa watu wengine ilikuwa mstari wa miti mwisho wa bustani. Kwangu mimi ilikuwa ndiyo njia pekee ya mume wangu kurudi nyumbani, maana Mzee Kibona alikuwa mtu wa neno moja. Niliipalilia, niliinamisha matawi, nilitia samadi. Nikipita pale nilikuwa naisemesha na mimi, nikasikia upande wa pili wa ua mtu anakohoa.

Ilichanua siku chache tu kabla ya ile ya Kizungu, maua meupe mengi, nyuki wakawa hawana mapumziko. Nawapa na hili bure: peasi halipendi upweke. Mti wa aina moja peke yake unachanua vizuri na kuzaa kidogo. Ukiupandia jirani wa aina nyingine, yote miwili inabeba. Tangu maua ya Kichina yaanze, hata miti ya zamani ilizaa zaidi. Mzee aliliona hilo, lakini hakulisema.

Matunda yakaja. Tuliyachuma yakiwa ya kijani na magumu, kama tulivyofundishwa, na mzee mwenyewe akayavundika. Hakuyadharau, tumpe haki yake. Aliyapangia makapi mapya, aliyatilia ndizi. Tukangoja. Ya Kizungu yaliyokuwa kasha la pili yakaiva, yakaliwa, yakaisha. Ya Kichina yalikuwa yametulia mle ndani kama mawe ya mtoni. Mwishowe yakanywea. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mcheshi mwenye tumbo, alionja moja, akalitema, akasema hata soli ya kandambili ina ladha kuliko hili.

Msimu uliofuata ikawa vilevile. Mzee alijaribu makapi ya ngano, alijaribu majani ya migomba, alijaribu shimo la ndizi lenye moshi. Bwana shamba alikuja, naye akashauri tungoje zaidi. Sisi wote, na ujuzi wetu wote, tulikuwa tunangoja tunda lilainike ambalo Mungu hakulipangia kulainika.

Halmashauri ya kijiji ikakaa. Mahindi yalitakiwa, kila kijiji kilihimizwa kulima, na mstari ule ulikuwa umekalia ardhi nzuri. Wakaamua miti ya Kichina ing'olewe. Mzee Kibona aliomba kitu kimoja tu, kwamba katika bustani ile shoka asishike mtu mwingine. Ataikata mwenyewe.

Mama mkwe ndiye aliyeniletea habari, akilia. Nilikwenda bustanini kupalilia, maana sikujua kitu kingine cha kufanya. Jua lilikuwa kali na kibuyu changu cha maji nilikuwa nimekisahau nyumbani. Msimu huo hakuna aliyejisumbua kuyachuma ya Kichina, yalikuwa yamebaki juu, yamegeuka rangi ya asali mbichi. Nikachuma moja kwa kiu tu. Nikaling'ata.

*Kra.*

Maji yakanimwagikia kidevuni mpaka kwenye kitenge. Matamu, ya baridi, katika jua lile. Nikasimama pale nimejishika mdomo, nikamwona Lusekelo ananiigizia yule mpishi, meno yakigongana, kidevu kikipanguswa. Alikuwa ametuambia. Mchina wa watu alikuwa amesema kila kitu, na sisi tukacheka.

Nilikimbia kwa mama mkwe. Naye akaenda kwa mumewe. Akarudi ametazama chini.

"Amekataa," alisema. "Anasema peasi gumu ni chakula cha nguruwe. Anasema ameyajua mapeasi kabla wewe hujazaliwa."

"Mama, aonje tu."

"Nimemwambia, mwanangu. Anasema mtu akitaka kuokoa mti wa mumewe hata jiwe atalisifu. Na mimi meno yenyewe sina, nimelinyonya tu, ningemwapia nini?"

Asubuhi yake walikuja, mwenyekiti na wazee wa halmashauri, na mzee na shoka lake. Mimi nilikuwa nyuma ya ua wa matete na kikapu cha mapeasi niliyoyachuma alfajiri ile. Niliwasikia wakisalimiana. Nilisikia mzee akiliweka shoka sawa mkononi. Kusema siwezi, kutokea siwezi. Jembe langu nikalitazama, nikaona leo halitanisaidia.

Basi nikachukua peasi kubwa kuliko yote, nikasogea mpaka matete yakanigusa uso, nikang'ata kwa nguvu zangu zote.

Mnajua ule mlio. Asubuhi yenye utulivu unasikika mbali. Nikatafuna bila kufunga mdomo, kama ng'ombe. Nikang'ata tena. Machozi yalikuwa yananitoka, maana nilijua ninachofanya. Mkamwana wa Kindali ninakula, na mkwe wangu ananisikia.

"Kibona," mwenyekiti akauliza, "nani anatafuna muwa huko kwako?"

Nikang'ata la pili.

"Si muwa huo," mzee akasema polepole.

Mwenyekiti naye hakuelewa mila za watu, au alizielewa sana, sijui. Akasema, "Basi ni nini? Maana mimi mate yamenijaa."

Halafu nikasikia ile sauti niliyoizoea, ile ya kuongea na mti. "Wewe mti, mwambie mtu aweke moja chini hapo, aende zake."

Nikalipitisha chini ya ua, nikarudi nyuma hatua chache, nikageuka nikawapa mgongo. Mzee alikuwa na meno mazima mpaka anakufa, na alikuwa na namna yake ya kutafuna, polepole, anasimama kidogo kama mtu anayefikiri, halafu anaendelea. Nilimsikia aking'ata. Akasimama. Akaendelea. Akalimaliza lote, na mwenyekiti alipoomba naye aonjeshwe, mzee alimwambia achume mwenyewe, miti si ipo.

Halafu akasema, "Mti, mwambie mtu namdai kuku, kwa kunitafunia masikioni." Nikasikia shoka linalazwa chini. "Na mwambie aliyekubebesha arudi nyumbani."

Kuku nilimtoa jioni ile ile, jogoo mwekundu. Sijawahi kutoa kitu kwa furaha namna hiyo.

Kabla sijamaliza, niwape mapishi, maana najua ndiyo mnayoyataka, haya mengine mnasoma kwa adabu tu. La Kichina limenye ngozi, likate vipande vyembamba, nyunyizia chumvi ya Ivuna iliyosagwa pamoja na pilipili kavu. Wateja wa Zambia walinifuata Tunduma kwa ajili ya hicho. Walisema, "Chisuma, bamayo," yaani ni kitamu, mama, wakajilamba vidole. Kwenye kachumbari linakaa vizuri, maana halitoi uteute. Ukiwa na kikohozi, chonga moyo wake, tia asali, lipike kwa mvuke. Na ukitaka kusafirisha, hilo ndilo la safari, linakaa kwenye kikapu siku nyingi bila kulalamika.

La Kizungu ni la nyumbani. Lile kwa kisu na kitambaa, ukiwa umekaa. Mama mmoja wa Kiislamu kutoka Tanga, mke wa mwenye malori, alinifundisha kulichemsha na iliki na karafuu mpaka liwe jekundu. Na miaka ile sukari ilipoadimika, hata ukipanga foleni unarudi na mfuko mtupu, tulikuwa tunachukua yaliyopitiliza, tunayachemsha na kuyachuja, tunayachemsha tena mpaka yawe mazito kama asali, ndiyo tukatilia uji wa watoto. Sekela alikua kwa uji huo, na leo ananiambia sukari ya dukani haina harufu. Msiniulize lipi bora. Anayeuliza hivyo hajala yote mawili kwa wakati wake.

Sasa nimalizie. Nilikwenda stesheni na kikapu, nikamtafuta kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi na Lusekelo na ambaye alikuwa anasafiri na treni kuelekea huko. Nikampa peasi moja la Kichina. Nikamwambia, "Mpe alitafune. Usimwambie lolote." Nilimjua mume wangu. Maneno angeyabishia.

Alirudi kabla msimu haujaisha. Alishuka njiani, akaja kwa miguu kupitia bustanini, na mimi nilimwona kwanza kwa mgongo, amesimama mbele ya mstari wake anahesabu matawi. Sitaandika tulivyosalimiana, ni yangu hayo. Nilimpeleka mpaka uani kwa mama yake, na mama akamwingiza kwa baba.

Mimi nilibaki nyuma ya ua, mahali pangu. Nilisikia "Shikamoo, baba," na "Marahaba." Hakuna msamaha ulioombwa, si upande huu wala upande ule. Wale walikuwa wanaume wawili wenye shingo moja. Wakaulizana habari za mvua. Ndipo mama mkwe akapeleka sinia. Niliona alivyolipanga, mapeasi mawili tu: moja la Kizungu ambalo mzee alikuwa amelivundika mwenyewe na kulitazama kila asubuhi tangu alipotuma neno, na moja la Kichina, lililochumwa siku ile.

Nikatega sikio kwenye matete. Niliusikia mlio wa mtu mmoja tu akitafuna, polepole, anasimama kidogo, halafu anaendelea. Wa pili hakutoa sauti yoyote, maana lake lilikuwa limeiva vizuri sana.